Kwa Mguu wa Kushoto

Miaka kumi na mmoja ulitia gia wewe,
mimi nikidhani ni mimi.
Kidole gumba, wayo, kisigino:
moja, mbili, tatu, nne, kisha nyutro kwenye taa za Pangani,
bila kuniuliza,
kama mtu anayegeuza chapati huku akipiga soga na jirani.
Sikuzijua gia zangu.
Ulizijua wewe.

Sasa uko huko uliko
(hospitali hawakusema walikupeleka wapi, nami sikuuliza)
na Boksa yetu ililala miezi saba chini ya turubai,
kuku wa Nekesa wakitaga kwenye kiti.

Mwololo wa Kariobangi hakunipa pole.
Aliizunguka pikipiki mara mbili, akatema kijiti cha meno:
"Kemunto, mguu ni fimbo yenye soksi.
Fimbo ninazo."

Akachukua nondo ya nusu inchi,
akaipasha moto, akaipinda,
ikapanda kando ya tangi hadi usawa wa nyonga.
Juu akachomelea mkono wa breki ya baiskeli kuukuu, uwe klachi,
maana mkono ni mmoja na kazi ni mbili:
ubane na usukume kwa pumzi ileile.
Kileleni akakaza mpira wa biliadi,
wa kijani, namba sita.
Lakini gia ni nne, nikasema.
"Hizo mbili ni za kwendea mbinguni. Usizitafute."

Elfu mbili mia tatu, na trei moja ya mayai.

Waliosema mkono mmoja haulei mwana
hawakuniona Barabara ya Juja,
wa kulia umeng'ang'ania mafuta,
wa kushoto umeuacha usukani uende ukatie tatu,
na hapo katikati, kitambo cha kupepesa jicho,
pikipiki si ya mtu.

Siku ya kwanza, mayai thelathini,
yakavunjika kumi na tisa.
Ute ukanishuka mgongoni hadi kiunoni.
Siku ya pili kumi na moja. Ya tatu manne, nikaimba.
Ya nne mvua, kumi na mawili.
Mkono una kiburi, ndugu yangu:
umezoea kusalimia watu na kuhesabu noti,
haujui kazi ya gizani, ndani ya kiatu,
isiyoshukuriwa na mtu.
Mwololo akaniambia, "Usiisukume gia. Ibishie hodi.
Injini ikimaliza sentensi yake, ndipo uingie."

Stejini Mlango Kubwa wakanibandika jina, Dereva wa Trela.
Askari mmoja wa Mathari alinisimamisha,
akalitafuta kosa, akakosa namna ya kuliandika,
mwisho akaomba aushike tu ule mpira.
Akaushika.
Akatabasamu kama mtoto aliyepewa rimoti.

Kuna usiku unanikuna, wewe usiyekuwepo.
Naamka, nakunyoosha, nakuta shuka.
Sikwambii hivyo ukasikitika.
Nakwambia kwa sababu ya jana.

Jana jioni, kutoka Globe nikipanda Ngara,
trei nne nyuma, mkokoteni wa viazi
ukakatiza mbele yangu ghafla.
Injini ikaanza kukohoa.
Nami nikakuhisi, wallahi nilikuhisi,
kisigino chako kikibonyea hewani,
palepale, kwa uzito uleule wa zamani,
na klak, tukawa ndani ya mbili.
Nilipotazama, mkono ulikuwa tayari juu ya namba sita.
Nani alitangulia, sijui.
Mkono nao haujui, au hautaki kusema.

Mayai yote yalifika salama.
Nimetenga nusu ya pesa, iko kwenye kopo la chai.
Ni yako.
Niambie niitume wapi.