Ndevu Nyekundu

Kazi yangu ni gundi.
Naletewa majani makavu, nayalaza kwenye karatasi,
nabandika jina pembeni. Nje, Jeypore inanukia mvua
na mafuta ya haradali.

Daktari Padmalaya hupasua ua kwa sindano mbili,
ua dogo kama punje ya ufuta,
jicho liko kwenye hadubini, mdomo unahesabu:
ngano, stameni tatu. Shayiri, tatu.
Mpunga, sita.
Sita! Anasema kama mama aliyejifungua pacha.

Mtama, muwa na mahindi anawaweka kabati la mbali:
wote nyasi, ila ukoo wao ulijitenga zamani.
Mwanzi yuko jirani hapa. Nani angedhani
boriti ya paa na wali wa sahani
walikuwa na bibi mmoja?
Yuko pia yule wa maziwa baridi ya Amerika Kaskazini,
anayepigwapigwa kwa vijiti amwage punje mtumbwini;
na yule wa mitaroni asiyelimwa na mtu,
mwenye jani la kukata vidole. Binamu hao.

Alhamisi akaja Dhanmati kutoka bondeni,
tope hadi magotini, mafungu mawili mkononi.
Daktari akauliza: gugu ni lipi?
Mimi niliona mpunga na mpunga.

Dhanmati hakuomba hadubini.
Alitikisa fungu la kwanza. Kimya.
Akatikisa la pili, na punje zikamwagika sakafuni,
nyeusi, zenye ndevu ndefu nyekundu.
"Huyu," akasema, "haningoji. Nikifika na mundu
ameshaondoka. Yule wangu hukaa."

Daktari akaandika. Kisha akaacha kuandika.
"Wako alitokana na wa namna hii," akamwambia.
"Wazee wenu wa kale walibeba nyumbani
kile kilichosalia kwenye suke."
Dhanmati akacheka: "Kwa hiyo tulimchagua mvivu."
Akanawa miguu bombani, akaondoka na nauli yake.

Nimebandika wote wawili, karatasi mbili, kabati moja.
Wa pili hakubakiwa na kitu, suke tupu,
nikafagia punje zake chini ya meza
nikazitia kwenye bahasha, nikaandika idadi: kumi na tisa.

Usiku nikivua viatu
nikaikuta ya ishirini,
imening'inia kwenye soksi kwa ndevu zake,
imeshatembea maili mbili.