Kalibu

Baba alikuwa na kalibu moja ya mbao,
pembe zimelika, mpini umefungwa kwa raba ya baiskeli.
Kwa hiyo moja alifyatua madarasa manne,
jiko la kanisa, choo cha naibu wa chifu,
na hakuna aliyewahi kuuliza
mbona nyumba hizi ni ndugu.

Kalibu yangu mimi haishikiki.
Imo ndani ya folda niliyoiita Mama,
katika laptopu iliyong'oka herufi H
(nabonyeza kisiki chake kwa ncha ya kalamu),
juu ya duka la dawa za mifugo, hapa Chavakali,
ambako harufu ya dawa ya kupe
hupanda ngazi kabla ya wateja.

Zamani kila tovuti niliianza kwa ukurasa mweupe:
kichwa, menyu, picha, ramani ya kufika,
wiki tatu,
na mwenye saluni ameshachoka kunipigia,
ameshafunga saluni, anauza mitumba.
Sasa nanakili Mama. Nabadili jina, rangi, nambari ya simu.
Asubuhi tunapatana bei, elfu sita, nusu mkononi;
jioni duka la misumari la kina Asava liko hewani
na bando langu bado lina pumzi.

Mwezi wa tano nilimtengenezea Mudeizi, fundi wa majeneza.
Zambarau. Picha sita. Kitufe kimoja: Chagua saizi.
Na chini kabisa, kwa maandishi madogo aliyoyataka mwenyewe:
Tunakuaga kwa heshima.

Wiki ya pili akaja Sista Kavetsa,
mkunga, amefungua zahanati ya uzazi njia ya kwenda Mbale.
Nikanakili.
Haraka yangu, nilidhani, ina baraka zake.
Zambarau ikawa waridi, majeneza yakawa vitanda,
saa mbili usiku tukawa hewani,
nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa.

Alfajiri, simu.
"Igunza, nina mama hapa wa miezi minane.
Amefungua ukurasa wangu kwa kasimu kake,
akashuka, akashuka, hadi chini.
Anauliza, tunamuaga anakwenda wapi?"

Kwenye kioo changu kikubwa mstari ule ulijificha.
Kwenye simu ndogo ulikuwa umesimama wazi,
kama mtu wa matanga aliyekosea boma
akaingia kwenye sherehe ya mtoto
na kiti chake mkononi.

Ndipo nikakumbuka lile nililoliona uvivu wa baba.
Baada ya kila tofali, kila moja,
aliichovya kalibu kwenye karai,
akasugua pembe kwa kidole gumba,
akainyunyizia mchanga, ndipo akajaza udongo tena.
Nilikuwa darasa la saba, bingwa wa hesabu:
sekunde kumi kwa tofali, matofali mia tatu kwa siku.
Baba, unapoteza karibu saa nzima!
Hakuinua macho.
"Udongo wa la kwanza hung'oa pembe ya la pili."

Basi niliketi na Mama siku nzima, bila mteja.
Nikatoa kila neno lililokuwa na mwenyewe.
Palipobaki shimo nikaandika JAZA HAPA,
kwa herufi nyekundu, nene kama mihogo,
zisizoweza kujificha kwenye simu ya mtu yeyote.
Kazi ya siku moja sasa ni siku moja na saa moja.
Wateja hawaioni saa ile. Siwatozi.

Kisha nikampigia Sista Kavetsa.
Pale chini, nikamuuliza, niandike nini?
Akanyamaza. Nyuma yake kitu kipya kabisa kikalia,
kwa hasira, bila kuiga mtu.
"Andika," akasema,
"usiku tumieni mlango wa nyuma.
Gongeni. Tuko macho."