Jua Hufika kwa Zamu

Ruhimba haina asubuhi moja.
Jua huanza na Mlela, ubavu wa machweo:
hugusa bati za shule, kisha msalaba,
kisha kamba ya nguo ya mama Ntakije.
Sisi wa Gwahuma bado tumo gizani,
tunapuliza kuni mbichi,
tunawatazama wenzetu ng'ambo
wameshaanika maharage.
Jioni ni zamu yetu. Tunaota jua
hali wao wamewasha koroboi.

Kati yetu mto Kanyonza, ambao hauna upande.

Leo imeletwa fomu kutoka wilayani.
"Historia fupi ya eneo," inasema,
na chini yake mistari mitatu.
Mimi ndiye karani. Kalamu ninayo.

Nianze na Bhuyoya, aliyeshuka bondeni
na ng'ombe wanne, akimkimbia shemeji?
Wengine husema saba.
Ng'ombe huzaana wakisimuliwa.

Au Wajerumani na kamba zao za kupimia,
au Wabelgiji na daraja la magogo
lililokwenda na masika ya kwanza,
au Waingereza na daftari,
ambamo babu yangu Ntahomvukiye
aliingia na jina, akatoka na namba,
akapandishwa treni hadi Tanga kukata mkonge?

Miaka sita.
Akarudi na koti lisilo na kifungo hata kimoja,
na kikohozi,
na bati moja.
Alilibeba kichwani kutoka stesheni ya Uvinza, siku nne,
akilishika pande zote mbili kila upepo ulipovuma
kama mtu anayegombana na mlango.
Bati moja haliezeki nyumba.
Akaliweka juu ya kitanda cha bibi tu;
kwingine kote nyasi.
Basi mvua iliponyesha, alisema mama,
nyumba ile ilikuwa na sauti mbili,
na watoto waligombea kulala
upande wa kelele.

Mwaka wa sabini na nne, malori.
Watu wa vilimani walishushwa hapa chini
na milango yao waliyoing'oa wenyewe usiku kucha.
Ipo hadi leo, milango mirefu kuliko kuta zake;
ukiingia kwa mzee Gwasa
unafunguliwa mbao za nyumba nyingine.

Halafu wale waliovuka mpaka,
alfajiri, miguu imevimba.
Waliomba maji kwa neno lile lile letu.
Hatukuhitaji mkalimani.
Ndiyo maana hatukuweza kujifanya hatujasikia,
ingawa wapo waliojaribu. Nyumba yetu ilijaribu.
Mama alifunga mlango, akahesabu hadi kumi,
akaufungua.

Sasa barabara ya lami inapita huko juu, mgongoni mwa kilima.
Madereva hutuona kama moshi.
Mkaguzi aliniuliza juzi, mji huu ulianza lini?
Nikamwambia, upande gani?
Hakucheka.

Mstari wa kwanza nimeandika jina la mto.
Wa pili nimeuacha.
Wa tatu nimeandika:
*Bati lililo juu ya banda la kuku wangu
lilitoka Uvinza kichwani mwa mtu.*
Limejaa kutu, linavuja mahali pawili,
kuku wamejua wasilale wapi.

Saa tatu na nusu.
Jua ndiyo kwanza linafika mezani.
Napiga muhuri.