Kengeza la Novemba

Kalenda tuliachiwa na fundi wa mashine ya kubangua,
Mjapani aliyekaa Newala miezi minne.
Mwaka wake ulikuwa umeshakwisha.
Niliitundika ghalani, juu ya mzani,
nikaifungua Novemba, mwezi wa korosho,
na humo alikuwemo yule bwana:
shujaa wa kale wa kwao, shingo imepinda kama mzizi,
vidole vya miguu vimejikunja kuing'ang'ania ardhi,
upanga mkono wa kulia,
mabegani weupe niliodhani ni unga.
Theluji, alisema fundi.
Akanieleza kwa mikono zaidi ya maneno:
mwaka wa njaa, ghala la mpunga, bwana mkubwa kaamuru lifungwe,
na huyu, mlinzi, akalifungua,
akasimama mlangoni peke yake mpaka gunia la mwisho litoke.

Ana kengeza.
Jicho moja kwangu, jingine kwenye mshale.
Nikahamisha meza. Jicho likahama nami.

Kila gunia nilikuwa nakata kilo moja na nusu.
Unyevu, niliwaambia.
Korosho zina unyevu, ghala lina unyevu,
hata chama cha msingi, ukikikamua, kina unyevu.

Akaja Anakleti Nandonde wa Mkunya,
gunia moja juu ya pikipiki ya mkwewe.
Alichonga mpingo mpaka mikono ilipoanza kutetemeka.
Hakuutazama mshale. Alitazama ukutani.
"Ntu huyu hakuchorwa tu," akasema. "Kachongwa.
Ona mbingu yake. Mistari ile si mvua,
ni nyuzi za nti.
Na upanga uko kulia, basi ubaoni ulikuwa kushoto.
Nchongaji alinchonga kinyume, unywele kwa unywele,
asimwone sawasawa mpaka karatasi ibanduliwe."
Akapitisha kidole kwenye mikunjo ya paji lile
kama anayesoma chanjo za bibi yake.
"Jina la nchongaji liko wapi?"
Nikamwonyesha muhuri mwekundu pembeni.
"Hilo la nchoraji, au la nchongaji?"
Sikujua.
"Sabini na nane na nusu," nikasema.
"Unyevu," akamalizia yeye.

Wiki ya pili alirudi.
Gunia lake lilikuwa na mtu.
Kamchonga kwenye ubao wa mkorosho, mti usiochongeka,
kampiga chapa kwa mafuta meusi ya ganda,
yale yanayobabua ngozi; vidole vyake vilikuwa vinachunika.
Shujaa yuleyule, mashavuni kaongezewa nembo za Kimakonde,
na upanga sasa kushoto.
"Hukumgeuza?" nikamuuliza.
"Kulia kashika siku nyingi. Kachoka."
Foleni ikacheka.
Kisha wakaliona kengeza:
jicho moja kwenye mshale, jingine kwao.
Kicheko kikaisha kimoja kimoja, kama watu wanaotoka msibani.

Nikalegeza skurubu, mzani ukaachiwa,
Hakunidai hesabu, wala kuomba kupewa,
Themanini bila tabu, unyevu ukafukiwa,
Mkono ndio ajabu, haukuzoea sawa.

Siku ile mizani ilitimia.
Msimu haukuwa umeisha, mwenyekiti akaniuliza
kilo zake zimekwenda wapi. Nikahamishiwa kwenye stakabadhi.
Novemba ilichanwa, ikajalidi daftari la mtoto wa mtu.

Nilikwenda Mkunya kuununua ule ubao.
"Bei yake kilo kumi na tisa na nusu," Nandonde akasema,
akiendelea kumenya muhogo.
Magunia kumi na matatu, misimu miwili.
Hakudai hesabu kwa sababu alikuwa nayo.
Nikampimia kwa mzani wa kukodi, mbele ya mkewe,
na yeye akaongeza konzi moja kwenye sahani, akairudisha mfukoni mwangu.

Ubao uko sebuleni, mkavu, hauna wino.
Binti yangu hupenda kutia kucha kwenye mitaro ya nywele zake.
Juzi ameniuliza huyu mtu anaitwa nani.
La shujaa silijui.
Nimemtajia la mchongaji.