Ndoo ya Buluu

Mimi ndiye niliyeipiga ile picha.
Si kwa ushujaa. Nilikuwa zamu ya usiku,
wodi ya tatu, hospitali ya Gorna Breza,
na bibi Tsvetana alikuwa ameniita mara ya nne
nikamwage maji.
Paa lilivuja juu ya kitanda chake tangu Machi.
Alivaa koti la mvua chini ya blanketi,
ndoo ya buluu ameipakata
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.
"Ikijaa nitakuita," alisema. "Nenda ukakae."
Nikapiga. Nikaandika maneno sita:
paa letu, mgonjwa wetu, ndoo yetu.
Nikarusha mtandaoni, nikaenda kuchemsha chai.

Alfajiri simu ilikuwa ya moto kama pasi.
Watu elfu arobaini. Kufika adhuhuri, laki tatu.
Mtu wa Osaka aliomba anwani atume mablanketi.
Mabinti wa Sofia walijipiga picha na ndoo za buluu,
mpya, karatasi ya bei bado imebandikwa chini.
Nami niliondoa uso wangu nikaweka ndoo,
nikajiona mtu.

Jumamosi walifurika mbele ya wizara.
Binamu yangu Kalin alinipigia nisikilize:
maelfu ya ndoo zikigongwa kwa vijiko.
Debe tupu, walisema waliotutangulia,
haliachi kuvuma.
Nilisimama koridoni, simu sikioni,
na mkono wa pili nimeshika ndoo yetu,
imejaa pomoni,
haina sauti.

Jumanne waziri akajiuzulu.
Sitajifanya: nililia kwa furaha.
Mlinzi wa lango, mzee Stamen, alifungua chupa
aliyoiweka kwa harusi ya bintiye,
tukanywa kwa vikombe vya dawa.
Lini mtu wa Gorna Breza
alimng'oa waziri kwa kidole gumba?

Kisha wakaja wenye suti.
Kijana wa chama kipya; jina lake limenitoka,
meno yake nayakumbuka.
Alitaka picha na bibi.
"Wewe ndiye fundi?" bibi akamuuliza.
Akacheka. Ikapigwa. Sasa ni mbunge.
Ndoo imo kwenye mabango yake,
imeng'arishwa hata mkwaruzo hauna.

Mafundi walifika Oktoba.
Waliziba wodi ya tatu, ile iliyoonekana.
Wodi ya nne, tuliambiwa, haimo kwenye bajeti.
Haimo kwenye picha, ndivyo nilivyosikia mimi.

Bibi Tsvetana alifariki Januari, mahali pakavu.
Hilo nalo nalihesabu. Niacheni nilihesabu.
Miezi mitatu alilala mikono mitupu,
akiipapasa blanketi, hajui aiweke wapi.

Mjukuu wake, Zornitsa, hanisalimii sokoni.
Dunia nzima ilimwona bibi yake hana meno mdomoni,
na mimi sikumwomba ruhusa yeyote.
Hupita na kapu la pilipili, anatazama viatu vyangu.
Nataka kumwambia: lakini paa.
Najua atajibu: lakini bibi.
Basi nanunua vitunguu nisivyovihitaji.

Kila wiki kuna picha nyingine.
Daraja fulani. Msichana fulani mwenye bango,
wa nchi ambayo siujui hata mji wake mkuu.
Saa nane za usiku kidole kinaning'inia juu ya kioo.
Nikibonyeza, nimefanya nini?
Nisipobonyeza, mimi ni nani?

Huwa nabonyeza.
Kisha navaa viatu vya raba
naingia wodi ya nne kumwaga maji.
Ndoo ni ile ile, imeanza ufa karibu na mpini.
Mwezi jana makumbusho ya Sofia waliandika,
kwa adabu kubwa, wakiomba wapewe waihifadhi.
Niliwajibu kwamba bado inatumika.