Jogoo wa Sehemu ya Pili

Kabla hajazaliwa nilikwisha kumpima.
Kila mwezi niliachia inchi moja
kwenye gomesi ya kijani ya mama yake, Naigaga,
aliyekuwa bi harusi katika "Posa ya Tatu"
hadi wiki ya mwisho, shada la plastiki likificha tumbo,
na watu wa Jinja wakicheka pasipo na kichekesho.

Mchezo huo una miaka thelathini na mmoja.
Kila Jumamosi, ukumbi wa sinema ya zamani nyuma ya soko,
viti vilivyobaki mia moja na kumi na vinne
(kimoja kina msumari; wenyeji wanakijua,
wageni watakijua).
Posa ya kwanza anakuja mwenye ng'ombe, ya pili mwenye gari,
ya tatu mwenye wimbo tu.
Kila mtu anajua nani atachaguliwa.
Wanakuja kuona kama safari hii binti atabadili nia.

Takuwa alilala kwenye kapu langu la vitambaa.
Alipofika miaka sita Bwana Isabirye akampa kazi:
awike. Alfajiri ya harusi, nyuma ya pazia, mara tatu,
na ya tatu ikatike nusu,
kama jogoo aliyekiona kisu.
Malipo, chapati ya mayai.

Alipofika kumi na tisa akaomba nafasi ya mama yake.
Isabirye akamsikiliza mpaka mwisho, akasema:
sauti yako ni kubwa kuliko nyumba, utatubomolea.
Sijui kama ilikuwa sifa au mlango.
Mimi nilikuwa na pini mdomoni.
Sikusema kitu.

Akaenda Kampala na utepe wangu wa kupimia shingoni,
kwa kusahau au kwa kusudi.

Sasa uso wake uko juu ya ukuta wa benki, unauza sabuni.
Ule wimbo wake uliovuka mpaka hadi Kisumu,
unaopigwa maharusini hata na wasioelewa maneno,
hebu sikiliza tarumbeta pale mwanzoni.
Ni ya Oketcho wetu. Ni ile ya posa wa tatu anapobisha hodi,
imegeuzwa nyuma mbele
kama shati lililovaliwa gizani.
Oketcho alipoisikia redioni akazima, akawasha tena.
"Ameniibia vizuri," akasema.
Mwezi uliofuata ikaja bahasha. Hakututajia kiasi.
Alinunua meno.

Jumamosi iliyopita mtoto wa kuwika alishikwa na surua.
Umeme ukakatika, jenereta ikakohoa,
taa zikarudi na rangi ya chai isiyo na maziwa.
Isabirye akanigusa kwa mkongojo: wika wewe.
Nikamwambia mimi ni fundi wa nguo.
Bi harusi alikwisha kusimama, alfajiri ya karatasi nyuma yake,
na kimya kikaanza kuwa kirefu kuliko mchezo.

Ndipo, kutoka upande wa jenereta:
mara moja.
Mara mbili.
Ya tatu ikakatika nusu.

Nikageuka. Miwani myeusi usiku wote huo,
viatu mkononi ili visigino visigonge mbao,
kama nilivyomfundisha.
Ukumbini hawakujua. Mama mmoja wa safu ya mbele
alisema tu, "Jogoo wa leo ameshiba."

Hakungoja makofi, hayakuwa yake.
Akaketi kwenye kapu, likalia chini yake,
akanyoosha mikono bila kuambiwa.
Nikampima. Kifua, kiuno, nyonga.
Hapakuwa na gauni la kushona,
ni vidole tu vilivyokumbuka njia.
Nikarudia kiuno. Nikarudia tena.
"Usiandike," akasema, akitazama pembeni.

Upande wa pili wa pazia Oketcho alikuwa anabisha hodi,
sawasawa, mbele nyuma, kwa meno mapya.
Nikatema pini kiganjani, moja moja.
"Gomesi ya kijani ipo," nikamwambia.
"Ina nafasi ya kuachia."