Waya Unaolisha Tu

Kibao chenyewe ni kidogo kuliko kiberiti.
Kilifika Arua kwa basi la usiku,
kimeviringishwa ndani ya soksi ya Candiru,
binti wa dada yangu, na kikaratasi:
"Mjomba, anza na taa. Mengine yatafuata."

Miaka ishirini na miwili nimefungua redio.
Risasi ya kuchomelea naijua kwa harufu,
kapasita mbovu naijua kwa kuvimba,
kama shavu lenye jino bovu.
Lakini hiki hakina cha kufungua.
Hiki kinataka kuambiwa.

Nikakaa na kompyuta ya kuazima mapajani,
nikaandika kwa kidole kimoja:
washa, ngoja,
zima, ngoja,
na mabano yaliyopinda kama ndoana.
Kompyuta ikakataa. Mstari wa sita, ikasema.
Wa sita haukuwa na kosa lolote.
Kosa lilikuwa kwenye wa tano, nukta-mkato moja
niliyoisahau, kama mgeni aliyeondoka bila kuaga.

Nikaiweka. Ikakubali. Kisha ikadai haioni kibao.
Haioni! Na kibao kiko hapa,
kijitaa chekundu kimewaka,
joto lake nalisikia kidoleni.
Saa mbili tulibishana.
Onzima wa duka la simu akachungulia,
muhogo mdomoni:
"Waya huo ni wa kuchaji tu, fundi.
Unalisha, hausemi."

Nikacheka mpaka nikakohoa.
Baba yangu alikuwa waya wa namna hiyo.
Unga ulifika, ada ilifika, viatu vilifika.
Neno halikufika.

Onzima akaniazima wake, umefungwa gundi shingoni.
Nikabonyeza.
Taa ya kijani. Giza. Taa. Giza.
Jambo dogo namna hiyo, nami nimesimama wima
kama aliyeitwa jina.
Nikakihamishia kwenye chaja ya simu,
nione kama kitaweza peke yake. Kikaweza.

Ndipo umeme ukakatika Oli nzima.
Jenereta la kinyozi likaanza kunguruma.
Nikasema basi, imekwenda, kesho naanza upya,
nikaifunga kompyuta, nikala maharage yaliyopoa.

Saa nne ukarudi.
Hakuna aliyekigusa, hakuna aliyekikumbusha.
Pale mezani, kati ya spika na visukurubu,
kikaanza chenyewe:
washa, ngoja,
zima, ngoja.

Sikuwasha balbu.